Nani Ameachwa? Usomaji wa Wasifu na Tawasifu za Kizazi cha Uhuru kwa Jicho la Mara, 1973–2020

1.0 Utangulizi

Wasifu ni utanzu unaosomwa na watu wenye haki ya kuupinga. Msomaji wa riwaya hawezi kumwambia mwandishi kuwa mhusika fulani hakuzaliwa mahali alipotajwa, au kwamba siku ya mkutano alikuwapo mtu mwingine ambaye jina lake halimo. Msomaji wa wasifu anaweza. Anaweza kuwa alikuwapo yeye mwenyewe, au baba yake alikuwapo, au nyumba inayosimuliwa ilikuwa ya shangazi yake. Kwa sababu hiyo maoni ya wasomaji kuhusu wasifu na tawasifu huzidi suala la ladha; mara nyingi ni ushahidi unaotolewa baada ya kitabu kuchapishwa.

Insha hii inachunguza namna wasifu na tawasifu zinazohusu kizazi kilichopigania uhuru wa Tanganyika zilivyosomwa kati ya 1973 na 2020. Mhimili wake ni maisha ya Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922. Mahali pa kutazamia ni Kabasa na vijiji vya jirani katika mkoa wa Mara, ukanda unaoguswa na Musoma, Bunda na Butiama. Uteuzi huu una sababu mbili. Kwanza, wakazi wa ukanda huu ni majirani wa mhusika mkuu, na jirani husoma wasifu kwa namna ambayo mgeni hawezi. Pili, jamii ndogondogo za Mara zimekuwa zikiandikiwa historia na wengine kwa muda mrefu, hivyo swali la nani anatajwa na nani anaachwa ni swali linalowahusu moja kwa moja.

Hoja inayotetewa ni kwamba, katika mapokeo haya, kigezo kikuu cha msomaji kimekuwa swali moja: nani ameachwa? Aidha, jibu la swali hilo halikubaki katika mazungumzo peke yake. Wasomaji walioona pengo waliandika maisha mengine ili kuliziba. Kwa hiyo kila wasifu uliofuata unaweza kuchukuliwa kuwa hati ya usomaji wa maandishi yaliyoutangulia. Hata hivyo, kila marekebisho yaliacha pengo jipya, na pengo lililobaki kwa muda mrefu zaidi ni la mkulima wa kijijini.

2.0 Msingi wa Uchunguzi

Hans Robert Jauss, mhakiki wa Ujerumani, alipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuwa historia ya fasihi iandikwe kwa kuwazingatia wapokeaji wake. Kwa mtazamo wake, msomaji hukifikia kitabu akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na vitabu vingine pamoja na maisha aliyoyaishi, na thamani ya kitabu huonekana pale kinapokutana na upeo huo, kiwe kinautosheleza au kinauvunja. Mtazamo huo unafaa kwa uchunguzi huu, lakini unahitaji nyongeza. Katika wasifu, upeo wa matarajio wa msomaji haujengwi na vitabu tu. Unajengwa pia na kumbukumbu za ukoo, misiba, vikao vya wazee, na majina ya watu ambayo msomaji anayajua kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Utanzu wenyewe si mgeni katika Kiswahili. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na maelezo hayo yalichapishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Shaaban Robert aliandika tawasifu yake, na pia aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar. Inafaa kusisitiza kuwa Shaaban Robert alimchagua mwanamke aliyetoka katika umaskini, asiyekuwa na cheo cha kiserikali. Uteuzi huo ulionyesha mapema kwamba maisha yanayostahili kuandikwa si ya watawala peke yao. Baada ya uhuru, hata hivyo, sehemu kubwa ya uandishi wa maisha Tanzania ilielekea kwa viongozi.

3.0 Maisha Yasiyo na Tawasifu

Nyerere aliandika mengi. Alitoa mikusanyo mitatu mikubwa ya hotuba na maandishi yake, yaani Freedom and Unity (1966), Freedom and Socialism (1968) na Freedom and Development (1973). Aliandika Tujisahihishe (1962) na Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania (1993). Alifasiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Pamoja na wingi huo, hakuacha tawasifu kamili. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama, alikuwa ameacha mawazo yake yakiwa yamepangwa vizuri, ilhali maisha yake yalibaki mikononi mwa wasimulizi wengine.

Hali hiyo ilikuwa na matokeo kwa wasomaji. Tawasifu, hata ikiwa na kasoro, humpa msomaji kauli ya mhusika ya kukubali au kukataa. Pasipo kauli hiyo, mamlaka ya kusimulia hugawanyika. Wenye kumbukumbu za chama walisimulia maisha ya Nyerere kama sehemu ya historia ya chama. Waandishi wa habari wa nje waliyasimulia kama sura ya Afrika mpya; mfano ni kitabu cha Mmarekani William Edgett Smith kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wazee wa Tabora, Pugu, Dar es Salaam na Musoma kila mmoja alikuwa na Nyerere wake, na kila kundi lilikuwa tayari kusoma kitabu chochote kwa kukilinganisha na yule iliyemjua.

4.0 Pengo la Kwanza: Watu wa Mjini na Wanawake wa TANU

Mwaka 1973 John Iliffe alihariri Modern Tanzanians, mkusanyo wa wasifu uliotolewa kwa niaba ya Chama cha Historia cha Tanzania. Miongoni mwa sura zake ni ile ya Daisy Sykes Buruku kuhusu babu yake, Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association ya mwaka 1929. Sura hiyo ilitegemea, pamoja na mambo mengine, maelezo aliyoyaandika Kleist mwenyewe. Umuhimu wake kwa uchunguzi huu ni kwamba mjukuu alikuwa msomaji wa kwanza wa karatasi za ukoo, kisha akawa mwandishi. Nyaraka zilizokuwa za nyumba moja ziliingia katika historia ya taifa.

Miaka minane baadaye, Chuo cha CCM Kivukoni kilitoa Historia ya Chama cha TANU 1954 hadi 1977 (1981). Kitabu hicho kilikuwa na lengo la elimu ya siasa, na kwa kawaida ya historia za vyama, kiliupa uzito mwaka wa kuundwa chama kuliko miaka iliyoutangulia. Mohamed Said alikisoma akiwa na upeo mwingine wa matarajio, ule wa Dar es Salaam ya Waislamu wa mjini waliokuwa katika siasa tangu African Association. Jibu lake lilikuwa wasifu wa Abdulwahid Sykes (1924–1968), mwana wa Kleist, uliochapishwa London mwaka 1998. Kichwa kidogo cha kitabu hicho kinatamka wazi kuwa kinasimulia habari ya Waislamu katika kupambana na ukoloni wa Waingereza, habari ambayo kwa maoni ya mwandishi haikuwa imesimuliwa.

Katika simulizi hiyo, uchaguzi wa Aprili 1953, ambapo Nyerere alipata urais wa Tanganyika African Association, unasomwa upya. Katika simulizi iliyozoeleka, tukio hilo ni mwanzo wa safari ya kiongozi. Katika kitabu cha Said, ni hatua katika safari ndefu iliyoanzishwa na wengine, waliompokea mwalimu kijana kutoka Pugu na kumfungulia milango ya mji. Wasomaji waligawanyika kuhusu kitabu hicho. Kwa baadhi, kilirudisha majina ya wazazi wao yaliyokuwa yamefutika. Kwa wengine, kuigawa historia ya uhuru kwa misingi ya dini kulikuwa hatari kwa umoja wa taifa. Hata hivyo, pande zote mbili zilikubali bila kusema kwamba orodha ya majina ndiyo kiini cha mgogoro.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Susan Geiger alikuwa ametoa TANU Women (1997), akitumia masimulizi ya maisha ya wanawake waliojenga chama, akiwemo Bibi Titi Mohamed. Geiger alionyesha kuwa wanawake wengi waliokuwa nguzo ya TANU hawakuwa na elimu ya shule ya kikoloni, na kwamba utaifa wao haukutoka kwa wasomi. Ulitoka katika vikundi vya ngoma, ujirani na lugha ya Kiswahili waliyoitumia pamoja. Vitabu hivi viwili vilitofautiana kwa shabaha na mbinu, lakini vilianzia katika usomaji wa aina moja: kusoma historia iliyopo na kuuliza ni nani aliyekuwa ukumbini lakini hayumo kitabuni.

5.0 Mwaka 1955 na Wasomaji wa Aina Mbili

Tofauti ya wasomaji hudhihirika vizuri zaidi wanapoutazama mwaka mmoja. Machi 1955, baada ya kurejea kutoka Umoja wa Mataifa, New York, Nyerere aliacha kazi ya ualimu katika shule ya Pugu. Katika wasifu unaoegemea Dar es Salaam, tukio hili ni la mjini: mwalimu anaacha mshahara, na wanachama wa mjini wanabeba mzigo wa kumtunza yeye na chama. Simulizi hiyo ina ukweli wake na ina mashahidi wake.

Katika wasifu unaoegemea Mara, mwaka huohuo una sura nyingine. Baada ya kuacha kazi, Nyerere alirudi kwao, akakaa kwa miezi kadhaa akimfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll na kusaidia kazi ya kutafsiri maandiko ya dini kwa lugha hiyo, kabla ya kurejea Dar es Salaam baadaye mwaka huo. Kwa msomaji wa mjini, miezi hiyo ni mapumziko kati ya matukio makubwa. Kwa msomaji wa Mara, ni ushahidi kuwa mtu huyu, katika saa ya kutokuwa na kazi wala uhakika, alirudi nyumbani na kujipatia riziki kwa lugha ya mama yake.

Usomaji huu wa pili nao una pengo lake. Jimbo la Ziwa, lililokuwa na Musoma ndani yake, lilikuwa eneo ambalo serikali ya kikoloni iliyanyima usajili matawi ya TANU kwa miaka kadhaa baada ya 1954, huku wakulima wa pamba wakijipanga katika vyama vya ushirika. Wasifu unaomfuata mtu mmoja kutoka Pugu hadi Musoma na kurudi unaweza kupita katika jimbo zima bila kuona siasa za ushirika zilizokuwa zikichemka humo. Hivyo basi, wasifu wa Dar es Salaam na wasifu wa Mara vinaweza kupingana kuhusu nani alimsaidia nani, na vyote viwili vikamwacha mkulima nje.

6.0 Mtoto wa Mtemi: Jirani Anaposoma

Wasifu nyingi za Nyerere huanza kwa kueleza kuwa alikuwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyefariki mwaka 1942, na wa Mgaya, mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Huelezwa pia kuwa jina Kambarage linahusishwa na mzimu wa mvua, na kwamba alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kwa msomaji wa mbali, maneno “mtoto wa mtemi” huleta picha ya jumba la kifalme na nasaba ya kale.

Msomaji wa Kabasa, Bunda au Butiama ana sababu ya kulisoma neno hilo kwa tahadhari. Utafiti wa Otto Bischofberger kuhusu rika za Wazanaki, uliochapishwa mwaka 1972, unaonyesha jamii ambamo mamlaka yaligawanyika kati ya rika, koo na waganga wa mvua. Utemi wa mtu mmoja juu ya eneo lenye mipaka ulikuwa kwa kiasi kikubwa zao la utawala wa Wajerumani na kisha Waingereza, waliohitaji mtu wa kukusanya kodi na kujibu barua. Kwa hiyo mtoto wa mtemi katika Uzanaki wa miaka ya 1920 alikuwa mtoto wa cheo kichanga, chenye kuheshimiwa na kutiliwa shaka kwa wakati mmoja. Jambo hili hubadili namna ya kuyasoma maisha yote: hisia ya usawa ambayo Nyerere aliihusisha na jamii ya asili ilikuwa na chimbuko katika mazingira ambayo utawala wa juu ulikuwa haujazeeka.

Thomas Molony, katika Nyerere: The Early Years (2014), alilifanyia kazi eneo hili. Kitabu chake kinaishia katika miaka ya mwanzo, na kinapambanua kati ya yale yanayothibitika katika nyaraka za shule na vyuo na yale yaliyozoeleka kusimuliwa baada ya mhusika kuwa maarufu. Kinaweza kusomwa kama uhakiki wa wasifu uliotangulia: mwandishi anachukua hadithi za utotoni zilizorudiwa kutoka kitabu hadi kitabu, anaziuliza zilitoka wapi. Kwa watahini wa historia, hilo ni somo la mbinu. Hadithi iliyorudiwa mara kumi inaweza kuwa na shahidi mmoja tu.

Sambamba na hayo, watu wa Mara hawakungoja wageni waandike. Jan Bender Shetler alikusanya na kuchapisha mwaka 2003, katika Telling Our Own Stories, historia zilizoandikwa kwa Kiswahili na wanahistoria wenyeji wa Mara Kusini, zikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Hizo si wasifu kwa maana ya kawaida. Hata hivyo, zimejaa maisha ya watu: waasisi wa koo, viongozi wa rika, waliohamia na walioondoka. Waandishi wake walikuwa wasomaji wa dunia iliyobadilika, waliotambua kuwa katika nchi ya maandishi, jamii isiyo na kitabu huhesabika kuwa haina historia.

Historia hizo nazo zilisomwa kwa swali lilelile. Katika Claiming Civic Virtue (2019), Shetler mwenyewe alirudi katika suala la jinsia na kuonyesha kuwa masimulizi rasmi ya wanaume yalijenga makabila na asili zake, ilhali kumbukumbu za wanawake zilihifadhi mitandao: nani aliolewa wapi, nani alimpokea nani wakati wa njaa, urafiki uliovuka mipaka ya lugha. Katika ukanda kama wa Kabasa, ambapo jamii kadhaa ndogo zimeishi bega kwa bega, kumbukumbu ya pili ndiyo inayoeleza maisha ya kila siku. Kwa hiyo pengo lililozibwa na wazee kwa kuandika historia ya kabila lilifungua pengo jingine kwa wake zao na dada zao.

7.0 Msimulizi na Mwandishi: Tawasifu ya Askofu Kisare

Mara ina pia tawasifu ya mapema inayostahili kuzingatiwa. Zedekia Kisare, Mjaluo kutoka upande wa Shirati, alikuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanganyika, akiwekwa wakfu mwaka 1967. Maisha yake yalitolewa mwaka 1984 nchini Marekani, kwa Kiingereza, yakiwa yamesimuliwa kwa Joseph C. Shenk, mmisionari.

Kitabu cha namna hiyo humpa msomaji kazi ya ziada. Nafsi inayosema ni ya Kisare, lakini mpangilio, lugha na wasomaji waliokusudiwa vilipitia kwa mwingine. Msomaji wa Pennsylvania anaweza kukisoma kama ushuhuda wa kazi ya misheni. Msomaji wa Mara anaweza kukisoma kama maelezo ya mtu aliyetoka katika boma la kijaluo akaishi ndani ya kanisa lililoletwa na wageni, akipima kila upande kwa upande mwingine. Kitabu hakibadiliki; upeo ndio unaobadilika. Aidha, suala la lugha haliwezi kuepukwa. Tawasifu iliyosimuliwa na mzee wa Mara na kuchapishwa kwa Kiingereza ng’ambo inawafikia majirani zake mwisho, kama inawafikia. Wale wenye uwezo mkubwa zaidi wa kuithibitisha au kuikosoa ndio wenye nafasi ndogo zaidi ya kuisoma.

Tatizo hilo limeendelea hadi katika tawasifu za viongozi wa taifa. Benjamin Mkapa alitoa yake kwa Kiingereza mwaka 2019, na ndani yake alieleza majuto kuhusu mauaji ya Januari 2001 yaliyohusu waandamanaji Zanzibar. Magazeti yaliibeba habari hiyo, lakini wengi wa wale ambao majuto hayo yaliwahusu waliipata kwa njia ya magazeti na masimulizi, pasipo kitabu chenyewe. Ali Hassan Mwinyi alichagua njia tofauti mwaka 2021 kwa kutoa tawasifu yake, Mzee Rukhsa, kwa Kiswahili. Kitabu hicho kiko nje ya kipindi cha uchunguzi huu, lakini kinaonyesha kuwa lugha ya kuandikia ni uamuzi kuhusu nani atakayeruhusiwa kujibu.

8.0 Uasi Bila Waasi

Mwaka 2020 kilitoka kitabu kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia kuhusu Nyerere: Development as Rebellion, chenye juzuu tatu, kazi ya Saida Yahya-Othman, Ng’wanza Kamata na Issa Shivji, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Juzuu ya kwanza iliandikwa na Yahya-Othman, ya pili na Kamata, na ya tatu na Shivji. Kwa mara ya kwanza, wasomi Watanzania walioishi chini ya utawala wa Nyerere walikusanya nyaraka, mahojiano na uhakiki katika wasifu mmoja wa kina.

Kichwa cha juzuu ya tatu, Rebellion Without Rebels, kinabeba hukumu nzito. Maendeleo yaliwazwa kama uasi dhidi ya mfumo wa ukoloni na ubepari wa dunia, lakini waasi wenyewe, yaani wakulima na wafanyakazi, hawakupewa nafasi ya kuwa waasi. Dola ilifanya uasi kwa niaba yao. Hiki ni kipimo kilekile cha nani ameachwa, safari hii kikitumiwa na mwandishi wa wasifu dhidi ya mradi wa mhusika wake.

Hapa ndipo msomaji wa Kabasa anapoingia kwa uzito wake wote. Novemba 1973 ilitangazwa kuwa ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Operesheni hiyo iliufikia mkoa wa Mara mwaka 1974, na Shetler, katika Imagining Serengeti (2007), ameeleza jinsi uhamishaji huo ulivyobadili uhusiano wa watu wa Serengeti magharibi na ardhi yao. Familia ziliacha mahame, makaburi na miti iliyokuwa alama ya koo. Mtu aliyeamuru alikuwa jirani, mtoto wa nyumbani.

Msomaji wa namna hii hawezi kuridhika kwa sifa tupu, wala kwa lawama tupu. Anaweza kumheshimu Mwalimu kwa shule ambayo watoto wake walisoma bila ada, na bado akataka kitabu kiseme boma la baba yake lilivunjwa mwezi gani na lilikuwa wapi. Juzuu tatu za mwaka 2020 zinamkaribia kwa hoja. Kwa majina, bado hazijamfikia. Katika uchanganuzi wa kiuchumi na kisiasa, mkulima ni tabaka. Katika kumbukumbu ya kijiji, ni mtu mwenye jina, mke, ng’ombe na mpaka wa shamba. Wasifu wa kiongozi hauwezi kubeba majina yote hayo, na si haki kuudai ufanye hivyo. Lakini usomaji unaoishia kwa kiongozi hauna budi kukubali kuwa nusu ya ushahidi imebaki bila kuandikwa.

9.0 Wasifu Mbele ya Baraza

Kuna usomaji mmoja wa maisha ya Nyerere ambao una matokeo ya kisheria, nao una makao yake Mara. Mwaka 2005 Nyerere alitambuliwa na Kanisa Katoliki kuwa Mtumishi wa Mungu, na Jimbo Katoliki la Musoma, lenye Butiama ndani yake, likabeba mchakato wa kuchunguza maisha yake kwa ajili ya kutangazwa mwenyeheri. Katika utaratibu huo, maandishi ya mhusika hukusanywa na kupimwa, mashahidi huhojiwa kwa kiapo, na ushahidi unaopinga hutakiwa kupokelewa sawa na unaounga mkono.

Kwa mtazamo wa mwanahistoria, jambo la msingi katika utaratibu huo ni kanuni yake ya ushahidi. Wasifu wa kawaida humruhusu mwandishi kuchagua mashahidi. Baraza la namna hii, angalau kwa kanuni, linamtaka shahidi anayesumbua. Je, aliyehamishwa mwaka 1974 ataulizwa? Mwislamu wa Dar es Salaam ambaye babake alimpokea mwalimu wa Pugu ataulizwa? Aliyewekwa kizuizini bila mashtaka ataulizwa? Maswali haya si ya imani. Ni maswali yaleyale ambayo wasomaji wa wasifu wamekuwa wakiyauliza tangu 1973, yakiwa yamefika mahali ambapo jibu litakuwa hukumu.

10.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kuwa wasifu na tawasifu za kizazi cha uhuru zimesomwa, kwa sehemu kubwa, na watu waliotafuta walioachwa. Mjukuu wa Kleist Sykes aliandika kwa sababu karatasi za nyumbani kwao zilisema zaidi ya vitabu. Mohamed Said aliandika kwa sababu historia ya chama ilimwacha baba wa mtu. Geiger aliwaandika wanawake, wazee wa Mara Kusini waliandika koo zao, Molony alizirudia hadithi za utotoni akitafuta mashahidi, na waandishi watatu wa mwaka 2020 waliliuliza taifa lilimweka wapi mkulima. Mnyororo huu unathibitisha kuwa maoni ya wasomaji ni sehemu ya historia ya utanzu wenyewe.

Matokeo yake kwa watafiti ni mawili. La kwanza ni la kimbinu: wasifu unapotumiwa kama chanzo, usomwe pamoja na wasifu unaoupinga, kwa kuwa kila kimoja kinaonyesha kile ambacho kingine hakikuweza kuona. La pili ni la dharura zaidi. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa operesheni ya 1974 alizaliwa mwaka 1954, mwaka wa kuundwa kwa TANU. Wasomaji wenye uwezo wa kutaja boma, mti na jina la jirani aliyeachwa wanazidi kupungua kila mwaka katika Kabasa, Bunda na Butiama. Maisha yao hayahitaji juzuu tatu. Yanahitaji mtu wa kwenda kuwasikiliza, kuyaandika kwa lugha wanayoweza kuisoma, na kuwarudishia maandishi hayo wayakosoe wakiwa bado hai.